Faili, Kizimba na Msitu: Historia ya Utawala wa Wanyama Waliookolewa katika Mwambao wa Burundi, 1977–2016

Ikisiri

Historia ya bustani za wanyama katika Afrika Mashariki huandikwa mara nyingi kwa kuhesabu wanyama na kuyataja majina ya watafiti mashuhuri. Kazi ya ofisi, yaani kutunza daftari, kutoa kibali, kupanga bajeti na kukabidhiana majukumu, husahaulika. Makala haya yanachunguza kazi hiyo kwa kufuata njia ya sokwemtu waliookolewa nchini Burundi: kutoka misitu iliyo juu ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kupitia Bujumbura, hadi Laikipia nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba sokwemtu huishi muda mrefu kuliko utumishi wa ofisa yeyote, na mara nyingine kuliko jina la taasisi inayomtunza. Kwa hiyo usalama wake hutegemea mwendelezo wa kumbukumbu na ahadi za kiutawala kuliko ubora wa kizimba. Mifano ya Entebbe na Ngamba nchini Uganda, na Lwiro katika Kivu Kusini, inatumika kwa ulinganisho. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera wa kanda.

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Rumonge kwenda Bujumbura hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika karibu safari nzima. Upande mmoja ni maji; upande wa pili ni miteremko mikali inayopanda kuelekea nyanda za juu. Muhuta imo katikati ya njia hiyo, na kijiji chake cha Gitaza kimebanwa kati ya mlima na ziwa. Ufinyu huo una gharama yake: Machi 2015 maporomoko ya ardhi yaliikumba Gitaza na kuifunga barabara. Samaki, mawese, mihogo na abiria wa kusini hupita hapa kabla ya kufika katika soko kubwa la nchi. Kitu chochote kinachotoka katika misitu ya kusini kwenda mjini kwa njia ya mwambao, kiwe halali au haramu, hakina budi kupita Muhuta.

Kwa sababu hiyo Muhuta ni mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi huu, ingawa hapana bustani ya wanyama. Historia ya wanyama waliofungiwa na kuokolewa nchini Burundi ina ncha mbili. Ncha ya kwanza ni misitu ya Rumonge, Vyanda na Kigwena, ambako mnyama huzaliwa. Ncha ya pili ni ofisi na vizimba vya Bujumbura, ambako mnyama aliyenusurika hupelekwa. Kati ya ncha hizo pana barabara, na juu ya barabara hiyo pana mfululizo wa maamuzi ya kiutawala: nani ana mamlaka ya kumkamata mwenye mnyama, nani anampokea mnyama huyo, nani anamlisha, na nani anatia sahihi anapohamishwa.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, utawala wa umma ulifaulu kwa kiasi gani kubeba jukumu lisilokoma ndani ya mwaka mmoja wa bajeti, wala ndani ya maisha ya kazi ya ofisa mmoja? Mjadala unamhusu hasa sokwemtu, ambaye kuanzia hapa ataitwa sokwe. Amechaguliwa kwa sababu tatu. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa CITES, ambacho hukataza biashara ya kimataifa ya viumbe waliotolewa porini. Na anapofugwa vyema huweza kuzidi umri wa miaka 50. Sifa hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi katika hoja inayofuata.

2.0 Bustani ya jijini na taasisi ya taifa

Bustani ya umma ya Bujumbura ijulikanayo kama Musée Vivant, yaani Makumbusho Hai, ilianzishwa mwaka 1977. Tangu mwanzo ilikuwa na sura mbili. Upande mmoja ilikuwa makumbusho ya utamaduni, yenye nyumba ya jadi ya Kirundi na kazi za mafundi. Upande wa pili ilikuwa mahali pa kuonyesha viumbe wa nchi: mamba, nyoka, ndege na samaki wa ziwa. Mtoto wa shule wa Bujumbura aliweza kumwona mamba kwa karibu na bado akarudi nyumbani salama. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo jina la Gustave, yule mamba mkubwa anayesimuliwa kutoka mdomo wa mto Ruzizi hadi upande wa Rumonge, linajulikana kwa wakubwa na wadogo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1980, serikali iliunda taasisi ya taifa ya uhifadhi wa maumbile, na mwaka huohuo ikatoa amri ya kuanzisha hifadhi za taifa na mbuga za akiba. Mwaka 1989 taasisi hiyo iliongezewa jukumu la mazingira na kujulikana kwa kifupi cha INECN. Mwaka 2014 majukumu yake yalihamishiwa chombo kipya, Ofisi ya Burundi ya Ulinzi wa Mazingira, yaani OBPE. Kwa hiyo ndani ya miaka 34 uhifadhi ulipita katika majina matatu, kila jina likija na muundo wake, muhuri wake na mpangilio wake wa madaraka.

Inafaa kueleza kazi yenyewe ya kuendesha bustani ya namna hii, kwa kuwa mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kulisha wanyama tu. Mkuu wa bustani ya umma huanza na daftari la wanyama: kila mnyama aingiapo huandikiwa tarehe, mahali alikotoka, jinsi alivyopatikana na hali yake ya afya. Mnyama mgeni hutengwa kwanza katika karantini ili asiwaambukize wengine, wala watunzaji, magonjwa kama kifua kikuu. Bajeti ya chakula haiwezi kusubiri robo ya mwaka ijayo. Mganga wa wanyama anahitaji dawa na vifaa. Walimu wa shule wanahitaji ratiba na maelezo. Juu ya hayo yote kuna barua: kwa wizara, kwa polisi, kwa forodha, kwa mahakama pale mnyama anapokuwa kielelezo cha kesi, na kwa wafadhili.

Bustani inayojali uhifadhi huongeza kazi nyingine ngumu zaidi, nayo ni kukataa. Hukataa kununua mnyama kutoka kwa mwindaji, hata akiwa katika hali ya kuhuzunisha, kwa kuwa fedha hiyo itamrudisha mwindaji msituni. Hukataa kuwazalisha wanyama pasipo nafasi ya kuwaweka watoto wao. Hukataa zawadi za wakubwa zinazokuja bila hati. Maamuzi hayo hayapigwi picha wala hayatangazwi, na ofisa anayeyafanya hupata lawama mapema kuliko sifa.

3.0 Mji wa pembe na mkataba wa 1988

Ugumu wa kukataa ulikuwa mkubwa zaidi katika Bujumbura ya miaka ya 1980. Mji huo ulikuwa kituo kikubwa cha biashara ya pembe za ndovu, ingawa ndovu wa Burundi yenyewe walikuwa wamekwisha kutoweka. Pembe zilitoka nchi jirani na kupata karatasi mpya mjini hapo. Mwaka 1986, akiba za pembe zilipoandikishwa chini ya utaratibu wa CITES, akiba ya Burundi ilikaribia tani 90. Nchi isiyo na ndovu ilikuwa na pembe za maelfu ya ndovu waliouawa kwingineko.

Burundi haikuwa mwanachama wa CITES wakati huo. Serikali iliyoingia madarakani Septemba 1987 iliibana biashara hiyo, na Agosti 1988 nchi ilijiunga na mkataba, ambao ulianza kuifunga Novemba mwaka huohuo. Kwa mwanahistoria wa utawala, hapa pana mpaka wa zama. Kabla ya tarehe hiyo, mnyama aliyevushwa mpaka alihitaji karatasi za forodha tu. Baada yake, alihitaji mamlaka ya usimamizi yenye wajibu wa kimataifa, itakayothibitisha kwamba kupatikana kwake na kusafirishwa kwake kulikuwa halali.

Pembe na sokwe wachanga si bidhaa ya aina moja, lakini zilitumia udhaifu uleule: mji wa mpakani, ziwa linalounganisha nchi nne, na ofisi ambazo hazikuwa na sheria ya kuzuia. Tofauti ni kwamba pembe iliyonaswa huwekwa ghalani na mlango ukafungwa. Sokwe mchanga aliyenaswa huhitaji maziwa usiku uleule. Sheria ya kimataifa ilipoipa Burundi wajibu wa kunasa, iliipa pia wajibu wa kulea, na wajibu huo wa pili haukuja na fedha zake.

4.0 Misitu iliyo juu ya ziwa

Sokwe wa Burundi ni wa jamii ya mashariki. Kaskazini makazi yao makuu ni msitu wa Kibira; kusini ni Bururi na miombo ya Rumonge na Vyanda. Kusini zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, ipo Gombe, iliyokuwa pori la akiba tangu 1943 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe Julai 1960, na kazi iliyoanza hapo iliwafanya sokwe wa mwambao wa Tanganyika wajulikane duniani kote. Umaarufu huo haukuvuka mpaka kwa usawa. Wale wa upande wa Tanzania walipata hifadhi ya taifa na watafiti wa kudumu. Wa upande wa Burundi walibaki katika vipande vya msitu vilivyozungukwa na mashamba.

Kigwena ni mfano ulio wazi. Ni msitu mdogo wa nyanda za chini, karibu na ziwa, uliozingirwa na mashamba ya michikichi ambayo ndiyo uti wa mgongo wa uchumi wa Rumonge. Msitu na mchikichi vinagombea ardhi ileile na maji yaleyale. Vyanda na Rumonge ziko juu zaidi, katika miombo, lakini nazo hukatwa kuni, huchomwa mkaa na kulimwa pembezoni.

Haitoshi kuwalaumu wakulima. Historia ya ardhi ya mwambao huu ni historia ya kuondoka na kurudi. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa yaliyofuata yaliwasukuma watu wengi sana kukimbilia Tanzania. Wengi walikaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka 30. Ardhi waliyoiacha iligawiwa wengine. Walioanza kurudi kwa wingi baada ya mwaka 2002 walikuta mashamba yao yana wenyewe wapya, na tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilipokea mashauri mengi kutoka eneo hili. Mtu aliyerudishiwa nusu ya shamba la baba yake huitazama ile nusu nyingine, na asipoipata huutazama msitu.

Sokwe mchanga anayefika mjini ni tokeo la mbano huo. Jike la sokwe halimwachi mtoto wake. Kwa kawaida mtoto hupatikana baada ya mama yake kuuawa, na mara nyingi wengine wa kundi huuawa wakimtetea. Kwa hiyo kila kizimba chenye sokwe mmoja kina makaburi yasiyoonekana nyuma yake. Ofisa anayeliandika jina la mnyama huyo daftarini anaandika, kwa kweli, taarifa ya hali ya msitu. Daftari la bustani likisomwa hivyo huwa chombo cha ufuatiliaji: idadi ya watoto waingiao na mahali walikotoka hueleza ni msitu upi unaovamiwa na kwa kasi gani.

5.0 Nyumba ya mpito na safari ya kwenda Laikipia

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Taasisi ya Jane Goodall iliendesha kituo cha sokwe yatima jijini Bujumbura. Kilikuwa nyumba ya mpito, kama vituo vya namna hiyo viitwavyo: mahali pa kutunzia wanyama walionaswa au kusalimishwa huku makao ya kudumu yakitafutwa. Neno mpito ndilo lililobeba mpango wote, kwa kuwa lilichukulia kwamba kuna mahali pa kwenda.

Mmoja wa sokwe wa wakati huo, aitwaye Poco, alikuwa amewekwa mjini Bujumbura kwa miaka mingi katika kizimba kidogo kilichotumika kuwavutia wateja wa biashara. Kizimba kilikuwa chembamba kiasi kwamba alilazimika kusimama wima, na hata baada ya kuokolewa alibaki na tabia ya kutembea kwa miguu miwili. Wageni wengi wa baadaye walilifurahia jambo hilo bila kujua kwamba wanachokitazama ni kovu.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu zaidi ya muongo mmoja. Mwaka huohuo kituo cha Sweetwaters kilifunguliwa huko Ol Pejeta, katika Laikipia, kwa makubaliano ya pande tatu: wenye shamba la Ol Pejeta, Shirika la Wanyamapori la Kenya na Taasisi ya Jane Goodall. Sokwe watatu yatima kutoka Bujumbura ndio waliokuwa wa kwanza kupokewa. Mwaka 1995 walifuata wengine kumi, watu wazima.

Uhamisho wa namna hii huonekana kama safari ya ndege. Kiutawala ni safari ya karatasi. Kwa mnyama wa Kiambatisho cha Kwanza, nchi inayopokea hutoa kwanza kibali cha kuingiza, ikithibitisha kwamba mpokeaji ana makao yanayofaa na kwamba shabaha si biashara. Ndipo nchi inayotoa huweza kutoa kibali cha kusafirisha. Cheti cha afya huambatana na hati hizo. Kila karatasi inahitaji ofisa aliyeko kazini, mwenye mamlaka na mwenye muhuri, siku ambayo barabara za mji huenda zimefungwa. Sokwe hao waliokolewa na madereva, watunzaji na wafadhili, na vilevile na watumishi wa ofisi walioendelea kufika kazini.

Kenya haina sokwe wa porini. Uamuzi wa kuwapeleka huko ulikuwa na faida: hapakuwa na hatari ya kuwachanganya na jamii ya porini yenye magonjwa au vinasaba tofauti, na palikuwa na amani na nafasi. Ulikuwa pia na hasara. Wanyama hao walitoka moja kwa moja nje ya eneo la asili la jamii yao. Kituo hakiwazalishi, hivyo kizazi chao kinaishia hapo. Burundi nayo ilipoteza kitu ambacho hakikuandikwa katika hati yoyote, yaani uzoefu. Watunzaji waliokuwa wamejifunza kumlea sokwe yatima, kumtuliza na kumzoesha kundi, walibaki bila wanyama wa kuwatunza.

Tukio moja la baadaye linathibitisha uzito wa makubaliano ya maandishi. Mwaka 2004 ardhi ya Ol Pejeta ilitoka mikononi mwa Lonrho Africa na kununuliwa na shirika la Fauna & Flora International kwa msaada wa Arcus Foundation. Mwenye ardhi alibadilika, lakini sokwe hawakuhamishwa. Ahadi ya 1993 ilikuwa imeandikwa kwa pande tatu, na kubadilika kwa upande mmoja hakukuifuta.

6.0 Ulinganisho: Entebbe, Ngamba na Lwiro

Je, palikuwa na njia nyingine? Mifano miwili ya jirani inasaidia kupima.

Bustani ya Entebbe ilifunguliwa mwaka 1952 kama kituo cha wanyama yatima na baadaye ikawa bustani ya maonyesho. Mwaka 1994 iligeuzwa kuwa Kituo cha Elimu ya Wanyamapori cha Uganda, chenye shabaha ya elimu na uokoaji. Sokwe walionaswa walipozidi nafasi, suluhisho lilitafutwa ndani ya nchi. Mwaka 1998 kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Viktoria, chenye hekta 40 hivi, kilifanywa makao ya sokwe kwa ushirikiano wa taasisi kadhaa, kituo cha Entebbe kikiwamo. Miaka miwili baadaye, Uganda ikawa mahali pa kuzaliwa kwa PASA, umoja wa vituo vya nyani na sokwe vya Afrika. Mfululizo huo una mantiki: bustani ya umma ilizaa kituo cha kudumu, na uzoefu wa vituo ukazaa chombo cha bara.

Inaweza kujibiwa kwamba Uganda ya 1998 ilikuwa na amani ya kutosha ambayo Burundi ya 1993 haikuwa nayo. Jibu hilo ni la haki, na hakuna anayeweza kuwalaumu waliowahamisha wanyama chini ya milio ya risasi. Lakini mfano wa Lwiro unaongeza jambo. Kituo cha Lwiro, karibu na Bukavu upande wa pili wa bonde la Ruzizi, kilianzishwa mwaka 2002, Kivu ikiwa bado katika vita. Kilitokana na ushirikiano wa taasisi mbili za umma za Kongo, ile ya uhifadhi wa maumbile, ICCN, na kituo cha utafiti wa sayansi asilia ambacho tayari kilikuwa na majengo na ardhi Lwiro tangu enzi ya ukoloni. Vita havikukizuia kituo kuzaliwa, kwa sababu wanyama walikuwa wakinaswa na palikuwa na taasisi yenye mahali, watu na jina linalojulikana.

Ulinganisho huu hausemi kwamba Burundi ingeweza kufanya vilevile mwaka 1993. Unaonyesha kwamba makao ya kudumu hujengwa juu ya taasisi iliyokuwapo kabla ya dharura. Dharura ikifika kabla ya taasisi kukomaa, njia inayobaki ni ya mpakani.

7.0 Umri wa mnyama na umri wa ofisi

Sokwe aliyenaswa akiwa na umri wa miaka miwili mwaka 1990 anaweza kuwa hai mwaka 2040. Ofisa kijana aliyemsajili mwaka huo amekwisha kustaafu au anakaribia. Taasisi iliyomsajili imebadilika jina. Hata ramani imebadilika. Kabla ya 2015, misitu ya Rumonge na Vyanda ilikuwa katika mkoa wa Bururi, na Muhuta ilikuwa katika mkoa wa Bujumbura Vijijini. Mnyama aliyepitishwa barabarani alivuka mpaka wa mamlaka mbili za mikoa. Tarehe 26 Machi 2015 mkoa wa Rumonge uliundwa, ukaziunganisha tarafa za Rumonge, Burambi na Buyengero na zile za Muhuta na Bugarama. Kwa mara ya kwanza msitu na barabara ya mwambao hadi Muhuta vikawa chini ya gavana mmoja. Muongo mmoja baadaye, mageuzi ya utawala yaliyoigawa nchi katika mikoa mitano yaliufuta mkoa huo.

Kila badiliko huwa na sababu zake za kisiasa na kiuchumi, na makala haya hayazipingi. Yanachosisitiza ni kwamba kila badiliko huzaa swali dogo lenye matokeo makubwa: daftari limekwenda wapi? Nani sasa anajua kwamba mnyama fulani aliletwa kutoka kijiji fulani, kwamba kesi yake ilimalizika au haikumalizika, kwamba kibali chake kina sharti fulani? Samani na magari huorodheshwa katika makabidhiano. Kumbukumbu za mnyama zisipoorodheshwa hubaki kichwani mwa mtunzaji, na mtunzaji akiondoka huondoka nazo.

Hali ya Musée Vivant inafaa kusomwa katika mwanga huu. Kufikia mwishoni mwa 2016, mkusanyiko wake ulikuwa mdogo: mamba sita, chui mmoja, sokwe wawili na wanyama wengine wachache, pamoja na nyoka na samaki. Mgeni anayetafuta tamasha angesikitika. Mchambuzi wa sera angeona jambo jingine: bustani iliyovuka miaka ya vita, vikwazo vya kiuchumi na mageuzi mawili ya taasisi mama, na bado ina milango iliyo wazi na wanyama wanaolishwa. Ustahimilivu huo ni kazi ya watumishi ambao majina yao hayamo katika vitabu vya historia ya uhifadhi.

Katika utumishi wa umma wa kanda hii, kazi ya bustani ya wanyama mara nyingi huchukuliwa kuwa kituo cha kupita, mahali ambapo mtumishi husubiri kuhamishiwa idara yenye hadhi zaidi. Mtazamo huo unapingana na asili ya kazi yenyewe. Sokwe humtambua mtunzaji wake kwa sura na sauti. Mamlaka ya CITES ya nchi nyingine humtambua ofisa kwa sahihi na uaminifu uliojengwa kwa miaka. Uhamisho wa kila mara huvunja yote mawili. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Katika utawala wa wanyama, mwenda pole ndiye pia anayekumbuka.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yamefuata njia moja, kutoka miombo ya Vyanda, kupitia barabara ya Muhuta na vizimba vya Bujumbura, hadi Laikipia. Yameonyesha kwamba katika kila hatua hatima ya mnyama iliamuliwa na tendo la ofisi: amri ya 1980, kujiunga na mkataba mwaka 1988, makubaliano ya 1993, vibali vya uhamisho. Pale ahadi ilipoandikwa kwa pande kadhaa na kukabidhiwa taasisi zinazodumu, mnyama alinusurika kubadilika kwa wenye mali. Pale ahadi ilipotegemea watu na majina ya muda, nchi ilibaki na kumbukumbu pungufu.

Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, daftari la wanyama walionaswa liwe hati ya taifa inayokabidhiwa kwa sahihi kila taasisi au mkoa unapobadilishwa, kama inavyofanyika kwa hati za ardhi. Pili, ngazi za utumishi za bustani ya wanyama ziwe taaluma kamili, yenye mafunzo na kupanda vyeo bila kulazimika kuihama bustani. Vituo vya Entebbe, Ngamba na Lwiro vinaweza kuwa shule za karibu, na Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya mafunzo hayo kwa watunzaji wa nchi zote husika. Tatu, suala la wanyama waliookolewa liingizwe katika ajenda ya vyombo vya pamoja vilivyopo. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura na inayotokana na mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2003, inaziunganisha tayari nchi nne za ziwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo Julai 2007, inaziunganisha Burundi, Kenya, Tanzania, Uganda na sasa Kongo. Nne, bajeti ya bustani na bajeti ya msitu zipangwe pamoja. Fedha inayotumika kumaliza mgogoro mmoja wa shamba pembezoni mwa Vyanda au Kigwena huenda ikamwokoa sokwe ambaye hatalazimika kamwe kuandikwa daftarini.

Pendekezo la mwisho ndilo kipimo cha mengine yote. Bustani ya umma inayojali uhifadhi hufanya kazi ikitamani ukurasa mpya wa daftari lake ubaki mtupu. Barabara ya Muhuta itaendelea kubeba samaki na mawese kwenda sokoni. Siku ambayo hakuna mtoto wa sokwe anayepitishwa hapo ndani ya gunia, ofisa wa Bujumbura atakuwa ametimiza wajibu wake, ingawa hakuna mgeni yeyote wa bustani atakayeliona hilo.